Je, Paul ndo alimfanya Infernape awe mkali? Jibu kuhusu robo fainali ya Ash na Paul

*"Mwalimu, shikamoo. Mi na mpwa wangu wa miaka 10 tumekuwa tukiangalia Pokémon ile ya Sinnoh tangu mwanzo, juzi ndo tumefika kwenye robo fainali ya mashindano, wakufunzi Ash na Paul, Pokémon sita kwa sita, na tumebishana mpaka chakula kikapoa. Mi nasema Ash alibebwa na waandishi. Paul alishamchapa vibaya kule Lake Acuity, halafu kwenye hii mechi Drapion wa Paul peke yake kamwangusha watatu, mwisho moto ukashinda umeme, kwisha habari. Sasa mpwa wangu akaja na swali lililonishinda: 'Mjomba, ile nguvu ya Blaze iliyompa ushindi Infernape wa Ash si ndo ile ile Paul alikuwa anaitafuta alipokuwa naye? Kwa hiyo Paul angeendelea kumbana angeipata tu. Kumbe kubanwa kunasaidia.' Nikabaki namwangalia. Halafu akaongeza, 'hata kocha wetu wa mpira yuko kama Paul.' Naomba unifafanulie kiufundi nani yuko sahihi, na huyu mtoto nimjibu nini?"*

Marahaba. Kwanza mpe mpwa wako salamu zangu, manake swali lake ni zuri kuliko lako, samahani lakini ndo ukweli. Wewe umeuliza nani kabebwa, yeye kauliza nguvu inatoka wapi. Nimefundisha uandishi wa skripti za katuni kwa muda mrefu na hii mechi huwa naipeleka darasani karibu kila mwaka, darasa zima linabishana kama wewe, halafu anapatikana mmoja amekaa nyuma anauliza kama huyo mtoto. Ngoja nianze na lako kwa sababu ni jepesi, kisha tukae kwenye la kwake.

Moto haushindi umeme. Hili naomba tulitoe njiani mapema maana nusu ya ubishi wenu umesimama hapo. Kwenye mfumo wa Pokémon moto una nguvu ya ziada kwa majani, barafu, wadudu na chuma, basi. Umeme nao una nguvu ya ziada kwa maji na kwa wanaoruka, na kitu kimoja tu ndo kinauumiza zaidi ya kawaida, ardhi. Infernape wa Ash ni moto na mapigano, Electivire wa Paul ni umeme mtupu, ukiwaweka uso kwa uso hakuna anayemzidi mwenzake kwa aina. Kila pigo linaingia kwa uzito wake wa kawaida. Sasa jiulize, kama waandishi walitaka kumbeba Ash, mbona hawakumwachia Torterra wake mpaka mwisho? Torterra ni majani na ardhi, umeme haumgusi kabisa, Electivire angerusha radi hadi ukumbi uzimike taa na Torterra angekuwa amesimama anacheua. Badala yake Torterra katolewa mapema, na aliyeachwa amalizane na Electivire ni yule asiye na upendeleo wowote. Hilo halikutokea kwa bahati mbaya, mtu alikaa mezani akaamua hivo.

Tuje kwa Drapion, manake hapa ndo penye utamu na watu wengi wanapita haraka. Unasema kawaangusha watatu peke yake, kweli, Staraptor, Buizel na Torterra wa Ash wote wamepita mikononi mwake, lakini usiishie kwenye idadi, angalia Paul alifanya nini kabla. Alitandaza Toxic Spikes, ile miiba ya sumu inayolala chini upande wa mpinzani ikisubiri. Haimchomi aliyepo uwanjani, inamchoma anayeingia. Kwa sheria za gemu ukiitandaza mara moja, kila anayekanyaga anapata sumu ya kawaida, inamla moja ya nane ya uhai wake kila raundi. Ukiitandaza mara mbili inakuwa mbaya zaidi, raundi ya kwanza inachukua moja ya kumi na sita, ya pili mbili, ya tatu tatu, inapanda hivo hivo. Piga hesabu mwenyewe, moja na mbili na tatu na nne na tano unapata kumi na tano, kufika raundi ya sita mtu kaisha hata kama hakuguswa na kofi. Animesheni haifuati hesabu hizi kwa desimali, lakini mantiki ni ile ile.

Na kwa nini Paul alichagua mtego huo na sio mwingine? Kwa sababu anamjua Ash. Ash ni mtu wa kubadilisha, akiona mambo magumu anamrudisha huyu anamtoa yule, anaamini kichwa chake kitapata wazo palepale. Tabia hiyo imemuokoa mara nyingi tu. Paul akaigeuza kuwa gharama, kila ukibadilisha unalipa. Yaani hakupigana na Pokémon wa Ash, alipigana na tabia ya Ash. Mi huwa nawaambia wanafunzi kwamba mpinzani mzuri kwenye hadithi sio yule mwenye misuli, ni yule aliyekusoma. Kwa hiyo ukisema Paul ni mkufunzi wa hali ya juu niko na wewe mia kwa mia, na mpwa wako asikudanganye hapo.

Ila sasa mwangalie aliyemwondoa Drapion. Gliscor wa Ash. Drapion ni sumu na giza, na mchanganyiko huo una udhaifu mmoja tu, ardhi. Gliscor ni ardhi na anaruka, kwa hiyo miiba iliyolala chini haimhusu, kwenye gemu anayeruka hakanyagi. Utaniambia Staraptor naye anaruka, ndiyo anaruka, lakini yeye hana ardhi ya kumpigia Drapion. Torterra anayo ardhi lakini ni mzito na anakanyaga chini. Gliscor peke yake ndo ana vyote viwili kwenye kikosi kile. Na mtakumbuka Gliscor hakuwepo, Ash alimwacha kwa mwalimu McCann ajifunze mapigano ya angani, akaachana naye wakati ambao hakuna aliyeona haja ya kupunguza watu. Karudishwa kwa ajili ya mechi hii. Bahati ingekuwa Gliscor apate nguvu mpya palepale uwanjani bila sisi kuambiwa lolote, hapa malipo yalifanywa zamani, mbele ya macho yetu, sisi ndo tulisahau. Kubebwa ni pale hadithi inampa mtu kitu ambacho hakukilipia.

Halafu kuna ushahidi mwingine ambao bado hamjaufikia, nikiusema naharibu kidogo lakini umeniuliza mwenyewe. Baada ya hapa Ash anakutana na mkufunzi Tobias kwenye nusu fainali na anatoka. Tobias ana Darkrai halafu ana Latios, Pokémon adimu wenye nguvu kupita kiasi. Mwandishi anayembeba mtu hamtoi raundi inayofuata tu. Kama kuna mahali pa kulalamika kuhusu waandishi basi ni huko, manake Tobias kaja kama mvua ya ghafla, hatujawahi kumjali wala kumchukia, na mi mpaka leo nikimfikiria nakunja uso. Lakini hilo ni jambo lingine.

Basi, la mtoto.

Mpwa wako anasema hivi, Paul alitaka Blaze, Infernape kashinda kwa Blaze, kwa hiyo Paul alikuwa kwenye njia sahihi ila alikosa subira. Ukiisikia haraka haraka inaonekana haina tundu. Tundu lipo, na liko kwenye mpangilio wa matukio, kwa hiyo turudi nyuma pamoja.

Blaze ni kitu gani? Ni uwezo wa kuzaliwa. Chimchar anao, Monferno anao, Infernape anao, na hao watatu ni Pokémon yule yule akikua. Kwenye gemu unaamka uhai ukibaki theluthi moja au chini ya hapo, mashambulio ya moto yanapanda kwa nusu. Chukua Flare Blitz, ile iliyommaliza Electivire, nguvu yake ni 120. Kwa kuwa anayeipiga ni wa moto mwenyewe anaongezewa nusu, inafika 180, Blaze ikiwaka inaongezwa nusu nyingine, tunazungumzia 270. Sasa unaelewa kwa nini mtu aliyekuwa anaonekana kaisha anaweza kumaliza mechi kwa pigo moja. Ila Flare Blitz ina deni lake, theluthi ya madhara inamrudia mpigaji. Inatakiwa kichwa kitulie kujua lini uitoe, ukiipiga vibaya umejimaliza mwenyewe.

Sasa, Paul alimkuta Chimchar akizingirwa na Pokémon wanaoitwa Zangoose, kundi zima, kaona ile Blaze ikilipuka, macho mekundu, moto mkubwa kuliko mwili wenyewe, akasema huyu ndo namtaka. Angalia vizuri hapo, Blaze ilikuwepo kabla ya Paul. Hakuipanda yeye. Alichofanya baada ya hapo ni kujaribu kuirudisha ile siku, anampiga mazoezi ya kumchosha akiamini akimfikisha ukingoni itawaka tena, na haikuwaka vile alivotaka. Ikafika ile mashindano ya wawili wawili kule Hearthome, Ash na Paul wamepangwa timu moja, mbele yao anasimama Zangoose. Chimchar akaganda. Kiumbe kilichotakiwa kulipuka kimeganda kwa hofu, kwa sababu kwake Zangoose sio mpinzani, ni ile siku yenyewe imerudi, na nyuma yake hakuna mtu wa kumwambia tulia nipo. Paul akaacha hata kumpa maelekezo, Ash ndo akaongoza wote wawili. Baadaye Paul kamwachia aende zake, hivi hivi, kama unavyotupa betri iliyoisha.

Kwa hiyo mwambie mpwa wako jaribio lake lilishafanyika. Anauliza Paul angeendelea kubana ingekuwaje, na sisi tumeoneshwa. Kadiri alivobana ndo Chimchar alivyoganda. Subira haikuwa tatizo.

Lakini tusimfanye Ash malaika, hapa ndo wengi wanateleza upande wa pili. Chimchar alipohamia kwa Ash, Blaze haikuwa baraka hata kidogo. Ilivyowaka ilimchukua mzima, hatambui rafiki wala adui, mpaka Ash akalazimika kumng'ang'ania na kumkumbatia hadi azimike. Upendo haukuiponya ile kitu kwa wiki moja, na Lake Acuity wamepigwa vibaya wakiwa tayari pamoja na wakipendana sana. Ile siku upendo haukuwasaidia chochote, Paul alikuwa bora na akashinda kihalali. Kilichobadilika taratibu ni kwamba Chimchar, halafu Monferno, halafu Infernape, alikuwa anapigwa, anashindwa, na kesho yake bado ana nafasi yake kwenye timu. Hicho ndo Paul hakuwahi kumpa. Mtu anayejua akishindwa leo anatupwa, akifika ukingoni akili yote inakimbilia kuogopa kutupwa, haibaki akili ya kupigana. Akijua hatupwi, akili inabaki kwenye mechi.

Ndo maana ile dakika ya mwisho ni nzuri vile. Infernape kafika pale pale Paul alipokuwa akimfikisha zamani, ukingoni, kachoka, mbele yake Electivire, ambaye tangu wakiwa wote wa Paul alikuwa kama kaka mkubwa anayemdharau, na mikia yake miwili ile, kamusi ya Pokémon inasema akikugusa nayo anaachia volti zaidi ya 20,000. Mazingira ni yale yale. Blaze inawaka, ila safari hii anasikia anachoambiwa. Moto ni ule ule wa siku ya Zangoose, tofauti ni kwamba ana usukani. Na anayemtazama upande wa pili ni mtu aliyesema hafai. Mi nimeiangalia mara nyingi kiasi kwamba naweza kukuchorea, na bado pale nanyamaza.

Nimtetee Paul kidogo, manake mtoto akimpenda Paul sio kwamba ana moyo mbaya. Mwangalieni Electivire. Naye kapita mazoezi yale yale magumu, na ni mtiifu, anapigana kwa ajili ya Paul hadi tone la mwisho, hakuna hofu machoni pake. Kwa hiyo ugumu peke yake sio sumu. Electivire alikuwa na nafasi isiyo na mashaka, Paul alimwamini, ndo maana ugumu ulimjenga. Chimchar alipewa ugumu bila ile nafasi. Na Paul mwenyewe kuna mahali alipotoka, kaka yake Reggie alichapwa na mkufunzi Brandon akaacha safari ya ukufunzi, mdogo mtu kaona akajiapiza kwamba huruma ni kushindwa. Sikubaliani naye lakini namuelewa. Na baada ya mechi wanaachana kwa heshima, sio kama maadui. Mkiwa na subira mtamuona tena miaka mingi mbele, vipindi vya 2022, anarudi kumsaidia Ash kujiandaa na mashindano makubwa kuliko haya. Mkiona sehemu anaitwa Shinji msipotee, ndo jina lake la Kijapani, na Ash huko ni Satoshi.

Haya, kocha. Nimeiacha hii mwisho lakini ukiniuliza ndo ilikuwa swali lenyewe. Mtoto wa miaka 10 hakwambii moja kwa moja, anapitia kwenye katuni kwanza aone utasemaje kuhusu Paul. Ulivobaki unamwangalia tu bila jibu, bado hajajua.

Mi simjui kocha wenu na siwezi kumhukumu kutoka kwenye sentensi moja. Anaweza kuwa mkali wa aina ya Electivire, anakukimbiza hadi unatapika lakini kesho anakupanga, anajua jina lako, anakufundisha ulipokosea. Kuna watoto wanang'aa chini ya makocha wa hivo. Anaweza pia kuwa wa aina nyingine. Huwezi kujua ukiwa umekaa kwenye kochi, kwa hiyo nenda mazoezini mwenyewe, usitoe taarifa mapema, kaa pembeni dakika arobaini hivi. Usisikilize sauti ni kubwa kiasi gani, angalia mtoto aliyekosea anafanyiwa nini baada ya kukosa. Anaelekezwa arudie? Au anatukanwa, anachekwa mbele ya wenzake, anaambiwa toka usirudi? Na mwangalie mpwa wako akikosa mpira anamtazama nani kwanza, mpira au kocha. Baada ya hapo ongea na kocha ana kwa ana, kwa upole, wengi hawajui wanavyosikika.

Kama kuna kupigwa, kuna vitisho, kuna kuguswa kusikoeleweka, hapo hakuna kuongea kwa upole, mtoe mtoto siku hiyo hiyo na uende kwa wanaosimamia timu au shule, na mamlaka ikibidi. Na kama mtoto mwenyewe umeanza kuona halali vizuri, tumbo linamuuma kila siku ya mazoezi na siku nyingine haliumi, kaacha kula au kanyamaza kuliko kawaida yake, mpeleke akaonane na daktari au mshauri wa watoto, uso kwa uso. Mi ni mtu wa skripti, hayo yanahitaji mtu aliyesomea na anayeweza kumuona.

Kwa leo jioni lakini fanya kitu kidogo. Msiendelee na mechi ya Tobias kwanza. Rudini kwenye kile kipindi Paul kamwacha Chimchar, naye Ash anamwambia twende, pale Chimchar anapolia. Kaa naye tu muangalie. Kikiisha mwulize swali moja, "kwani kocha huwa anawaambiaje mkikosa?" halafu nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kirefu, mwache ajibu yeye.